Wimbo Usio na Nakala Moja: Kurekodi Muziki wa Msimu wa Jando Kabras

Katika miaka inayogawanyika kwa mbili, shule zinapofungwa mwezi wa Agosti, njia za vijijini Kabras, magharibi mwa Kenya, hujaa waimbaji. Mahindi yamekomaa na wageni wanaweza kulishwa. Miwa imesimama pande zote za barabara itokayo Kakamega kupitia Malava kwenda Webuye. Kama ilivyo kwa majirani wao Wabukusu na Watachoni, kijana atakayetahiriwa huzunguka kwa wajomba, shangazi na marafiki wa baba yake kuwaalika, kengele mikononi, kundi likimfuata kwa nyimbo. Fanani hutanguliza, kundi huitikia, na kila boma wanaloingia huwa na wimbo wake kwa sababu kila boma lina watu wake. Wakabras na Watachoni wana pia msimu wa Desemba, lakini hoja yangu inahusu Agosti, wakati simu nyingi zaidi huinuliwa juu ya vichwa kurekodi.

Hoja yenyewe ni hii: nyimbo za msimu huu haziwezi kuhifadhiwa kwa rekodi moja iliyoteuliwa kuwa bora. Rekodi hizo nyingi za simu, zenye kelele, zilizokatika katikati, zinazorudiarudia wimbo uleule kutoka boma hadi boma, ndizo kumbukumbu ya kweli ya sanaa hii. Tatizo ni kwamba hakuna anayeziandikia maelezo, na rekodi isiyo na maelezo hupoteza maana yake haraka kuliko inavyopoteza sauti.

Tuanze na wimbo wenyewe, kwa mfano wa majirani. Sioyaye ni wimbo ambao Wabukusu humwimbia kijana alfajiri, anaporejeshwa nyumbani kutoka mtoni akiwa amepakwa matope. Urefu wake hupimwa kwa njia. Mto ukiwa mbali na boma, wimbo utakuwa mrefu. Mvua ikiwa imenyesha usiku na njia inateleza, miguu hupunguza mwendo na mdundo hufuata miguu. Fanani naye hutazama ni nani wamejipanga kando ya njia. Huingiza jina la babu aliyesimama imara siku yake, huuchokoza ukoo wenye sifa ya woga, hurudi kwenye kiitikio ili apate pumzi na neno linalofuata. Ukiniuliza wimbo huo una beti ngapi, sina jibu, na nadhani swali lenyewe limekosewa.

Wataalamu wamelisema jambo hili zamani. Albert Lord, katika The Singer of Tales cha mwaka 1960, kitabu kilichotokana na rekodi alizoanza kuzikusanya pamoja na Milman Parry huko Yugoslavia katika miaka ya 1930, alionyesha kwamba kwa mwimbaji wa namna hii kutunga na kutumbuiza ni tendo moja. Ruth Finnegan, katika Oral Literature in Africa cha mwaka 1970, alisisitiza kuwa fasihi simulizi haielezeki bila tukio la uwasilishaji na hadhira yake. Wanafunzi wetu wa sekondari hukariri istilahi hizi, fanani, hadhira, muktadha, na kuziandika vizuri kwenye mtihani. Halafu wakubwa wao wanapohifadhi, huhifadhi wimbo kana kwamba ni shairi lililochapishwa: nakala moja safi, yenye mwanzo na mwisho.

Mazoea hayo yana historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo ni ya mitambo. Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alipozuru Kenya mwaka 1950 na tena mwaka 1952, santuri ya mizunguko 78 ilibeba takriban dakika tatu kila upande. Alishika maikrofoni kwa mkono wake, akiisogeza kutoka kwa sauti hadi kwa ala, akawapanga waimbaji na kuwaonyesha mahali pa kuanzia na pa kuishia. Tunamdai shukrani kubwa. Bila yeye wasichana wa Kipsigis aliowarekodi Kapkatet mwaka 1950 wasingesikika leo, na maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954 bado ni hazina. Hata hivyo tukubali kwamba alichotuachia ni vipande vilivyokatwa kwa kipimo cha santuri. Muziki ambao ungechukua nusu usiku uliingia katika dakika tatu, na vizazi vilivyofuata vikadhani dakika hizo tatu ndizo wimbo.

Hali ilikuwa hiyohiyo kwa muziki wa gitaa. George Mukabi wa Kisa, bingwa wa mtindo wa omutibo aliyefariki mwaka 1963, tunamjua kwa santuri fupi, gitaa lake likisindikizwa na chupa ya soda inayogongwa na kukwaruzwa. Kwenye mkutano wa jioni gitaa kama hilo halikuwa na sababu ya kunyamaza baada ya dakika tatu. Mtindo wa benga ulipokuja, wachapishaji wa santuri za mizunguko 45 waliukata wimbo vipande viwili, sehemu ya kwanza upande huu na ya pili upande wa pili, na gitaa lilififia palepale lilipoanza kuchemka. Nyimbo za asili nazo zilipata mkasi wa aina nyingine katika Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927: dakika za kuhesabiwa jukwaani, mavazi ya kufanana, waamuzi mezani. Tamasha hilo limewafundisha maelfu ya watoto kuziheshimu nyimbo za kwao, na sitaki lidharauliwe. Lakini wimbo wa njiani ukipandishwa jukwaani hupoteza njia, na fanani anayejua kwamba muda wake ukipita atapoteza alama hawezi kusimama mbele ya bibi kizee fulani na kumwimbia jina la mumewe.

Mfano wa jamii iliyokataa mkasi huo niliupata mbali, Marekani, kwa kundi la Grateful Dead, lililopiga muziki kuanzia mwaka 1965 hadi kifo cha mpiga gitaa wake Jerry Garcia mwaka 1995. Mwaka 1968 kundi hilo lilitoa wimbo wa Dark Star katika santuri ndogo, nao haukufika dakika tatu. Mwaka uliofuata wimbo huohuo ulitokea katika albamu ya Live/Dead, uliorekodiwa mbele ya watu, ukiwa na dakika 23 hivi. Mashabiki waliielewa tofauti hiyo kuliko kampuni za santuri. Walianza kwenda kwenye maonyesho na mashine zao za kurekodi, hasa katika ziara za kiangazi ambapo wanafunzi wako likizoni na watu hulifuata kundi mji kwa mji. Walifanya hivyo kwa kuwa walijua usiku wa leo hautafanana na wa jana. Kundi halikuwafukuza. Mnamo Oktoba 1984, Berkeley, California, liliwatengea sehemu maalumu ya ukumbi, wakasimika maikrofoni zao juu ya vyuma virefu ili zipite vichwa vya watu. Sharti lilikuwa moja: kanda zibadilishwe, zisiuzwe.

Kinachonivutia zaidi katika habari hiyo ni nidhamu ya kuandika. Kila kanda iliandikwa tarehe, mji, ukumbi, mpangilio wa nyimbo, aina ya maikrofoni, na kama ni kanda ya kwanza au ni nakala ya nakala. Watu wasio na shahada ya uhifadhi walijenga kumbukumbu ambayo maktaba nyingi zingeionea wivu. Onyesho la Mei 8, 1977 katika ukumbi wa Barton wa Chuo Kikuu cha Cornell lilirekodiwa na fundi wa kundi lenyewe, Betty Cantor-Jackson. Kanda zake nyingi ziliuzwa kwa mnada mwaka 1986 kwa sababu ya deni la chumba zilimowekwa, na zingeweza kupotea kabisa. Ziliokolewa na mikono ya mashabiki waliozinunua, wakazisafisha na kuzisambaza. Baadaye rekodi ya Cornell iliingizwa katika orodha ya taifa ya rekodi za kuhifadhiwa ya Maktaba ya Bunge la Marekani.

Sasa tutazame kilichomo kwenye simu za Malava. Kijana amerekodi wimbo wa dakika 11 akimsindikiza binamu yake. Ameutuma kwenye kundi la ukoo la WhatsApp. Faili linapofika upande wa pili, jina lake lina tarehe, nayo ni tarehe ya kutumwa. Siku ya kuimba haimo. Sauti imebanwa ili ipite kwa wepesi. Faili linatumwa tena, linapata tarehe nyingine, linanakiliwa kwenye memori kadi, linachezwa na mwendesha bodaboda, linaingia kwenye mashine ya dijei. Kufikia hapo hakuna ajuaye fanani ni nani, boma ni la nani, wala kama ni mwaka 2018 au 2022. Jina la babu lililotajwa ndani ya wimbo, ambalo lingeweza kutupeleka mpaka kwenye lango la boma, linasikika kama sauti tu.

Simu zenyewe zina kasoro inayojulikana na inayorekebishika. Simu hujiwekea kiwango cha sauti. Ngoma kubwa ikigongwa karibu nayo, hushusha kila kitu na neno la fanani linamezwa. Ngoma ikinyamaza, hupandisha, na tunasikia upepo na nyayo. Anayerekodi kwa kawaida husogea penye ngoma kwa kuwa ndipo penye uhondo. Angetembea hatua chache upande wa fanani, ngoma zikiwa nyuma, maneno yangebaki. Wale wa Berkeley waligundua jambo kama hilo kwa kujaribu na kuelezana, bila kufundishwa darasani, na hakuna sababu ya vijana wa Kabras kushindwa.

Najua pingamizi la wenzangu wa idara za muziki: rekodi 100 mbovu za wimbo mmoja ni takataka, afadhali moja nzuri. Silikubali. Rekodi moja nzuri hutuambia wimbo uliimbwaje pale, siku ile. Haiwezi kutuambia ni nini katika wimbo hubaki na nini hubadilika, na katika sanaa ya kubuni papo hapo hilo ndilo tunalotaka kujua. Tukiwa na rekodi 20 za fanani mmoja katika msimu mmoja, tunaweza kuona ni mafungu gani ya maneno anayabeba kutoka boma hadi boma, ni yapi aliyazua kwa sababu ya mtu aliyesimama mbele yake, na ni lini uchovu ulimfanya arudie kiitikio. Tukiwa na misimu mitatu, tunaona fanani kijana akijifunza kwa mkubwa wake. Ubovu wa sauti ni hasara ya kweli. Kukosa mlinganisho ni hasara kubwa zaidi.

Pingamizi la pili ni zito, nalo limetoka kwa wazee. Mashabiki wa Marekani walinunua tiketi. Wanaofuata kijana wa jando ni ndugu. Baadhi ya nyimbo huwa na matusi yanayoruhusiwa usiku huo pekee, baadhi hugusa migogoro ya koo, na zipo kunga ambazo asiyetahiriwa hapaswi kuzisikia. Nyimbo za matanga nazo zina majina ya marehemu na huzuni ya watu walio hai. Hapa mfano wa Grateful Dead unafikia mpaka wake, na anayependekeza kila rekodi iwekwe wazi kwa dunia nzima hajaelewa alichorekodi. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Maarifa ya Jadi na Maonyesho ya Kitamaduni ya mwaka 2016, inayoitambua jamii kuwa mwenye mali. Kwa maoni yangu ruhusa inapaswa kwenda ngazi mbili: jamii iseme ni aina gani za nyimbo zinazoweza kusikika nje, na familia ya boma husika iseme kuhusu rekodi yake. Faili linaweza kuhifadhiwa na lisifunguliwe kwa miaka mingi. Kuhifadhi na kutangaza ni mambo mawili, na mara nyingi tumeyachanganya.

Kuna jambo la orodha pia. Mwaka 2014 UNESCO iliingiza ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka: ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe ya swala na njuga za chuma. Nilifurahi, na bado nafurahi. Isukuti husikika leo hadi viwanjani klabu ya soka ya AFC Leopards inapocheza. Lakini orodha hulinda jina la sanaa kwa wepesi kuliko inavyolinda usiku mmoja wa sanaa hiyo, na jamii isiyotajwa humo, Kabras ikiwa mojawapo, haiwezi kusubiri itajwe ndipo ianze kukusanya.

Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kiko Kakamega mjini, mwendo mfupi kutoka Malava. Kina wanafunzi wanaotoka katika maboma haya na wanaojua ni mzee gani wa kuulizwa. Kinachohitajika kwanza hakihitaji studio. Ni fomu fupi yenye jina la fanani, boma na kijiji, siku na saa, kijana aliyeimbiwa, tukio, aliyerekodi, ruhusa iliyotolewa na nani, na faili la asili lililotolewa kwenye simu yenyewe kwa waya kabla ya kupitia WhatsApp. Mwanafunzi akae na fanani, wausikilize wimbo pamoja, na fanani aeleze kila jina alilolitaja na sababu ya kulitaja pale. Malipo ya fanani yawemo tangu mwanzo, kwa kuwa saa anazokaa kueleza ni kazi. Nakala ibaki kwa familia kabla ya kwenda popote pengine.

Misimu ya 2022 na 2024 tayari imo kwenye simu, nyingine zikiwa na vioo vilivyopasuka na nafasi iliyojaa, zikingoja kufutwa ili picha mpya ziingie. Wengi wa walioimba wangali wanalima na kukata miwa kati ya Butali na Chegulo, nao wanakumbuka walipita boma gani kabla ya lipi. Kazi ianze na faili hizo, kwa kuwauliza wao.