Kura Moja na Kura Mia

Aliyewahi kuamkia foleni ya maji bombani anajua kwamba mwenye ndoo ya kwanza si lazima awe ndiye mwenye kiu kuliko wote. Amewahi tu.

Mwaka 2005 vijana wawili wa Kimarekani, Steve Huffman na Alexis Ohanian, walianzisha Reddit, mahali ambapo wasomaji wenyewe hupiga kura habari ipi ikae juu. Lakini kura zikijumlishwa tu, maoni yaliyotangulia husomwa na wengi, hupata kura nyingi, na kwa kuwa yako juu huzidi kusomwa. Aliyechelewa huzikwa chini, hata akisema la maana. Ukitumia asilimia unatumbukia shimo jingine: mwenye kura moja tu ya ndiyo ana 100 kwa 100, naye anampita aliyekubaliwa na 90 kati ya watu 100!

Dawa ilikuwa imelala katika jarida la takwimu tangu 1927. Edwin B. Wilson, profesa wa Harvard, alijiuliza swali la mtu mnyenyekevu: nikiwa nimewaona wachache, nithubutu kudai nini juu ya wengi? Kwa kanuni yake, kwa kipimo cha uhakika cha 95 kwa 100, ile kura moja inadhamini kama 21 kwa 100 tu. Zile 90 zinadhamini kama 83. Reddit waliichukua mwaka 2009 kupangia maoni.

Naipenda kwa sababu haimfukuzi mgeni, inamwambia asubiri. Ila maoni ambayo hayajasomwa na yeyote hayana kura ya kupimwa, nayo hubaki kule kule chini.