Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Uingereza na Wanafunzi wa Ng'ambo, 1945–2024

Methali ya Kiswahili isemayo "Mgeni njoo, mwenyeji apone" hutajwa aghalabu katika kusifu ukarimu. Hata hivyo, methali hiyo ina upande wa pili usiofichika. Anayealikwa ni mgeni, lakini apataye nafuu ni mwenyeji, maana siku ya mgeni ndiyo siku ya kuchinjwa kuku, na watoto wa nyumba nao huonja mchuzi. Historia ya namna Uingereza ilivyowaita wanafunzi wa nchi nyingine katika vyuo vikuu vyake yaweza kusomwa kama historia ya upande huo wa pili kuuzidi nguvu ule wa kwanza. Makala haya yanakusudia kuufuata mgeuko huo tangu kumalizika kwa Vita vya Pili vya Dunia, na kuonyesha kwamba chini ya swali la karo daima palikuwa na swali jingine, nalo ni hili: nani ahesabiwe kuwa mgeni?

Katika miaka ya 1940 Uingereza haikuwa na haja ya kujitangaza. Tume ya Asquith, iliyoundwa mwaka 1943 na kutoa taarifa yake mwaka 1945, ilipendekeza kuanzishwa kwa vyuo vya elimu ya juu katika makoloni, vikilelewa na vyuo vikuu vya Uingereza. Kwa mpango huo Makerere iliingia katika uhusiano maalumu na Chuo Kikuu cha London mwaka 1949, na wanafunzi wake wakawa wanatahiniwa kwa shahada za London bila ya kupanda meli. Waliosafiri hadi Uingereza kwenyewe walikuwa wachache. British Council, iliyoanzishwa mwaka 1934, ilikabidhiwa mwaka 1950 kazi ya kuwapokea na kuwatafutia malazi. Katika lugha ya kiofisi watu hawa waliitwa "wanafunzi wa makoloni". Jina hilo lilikuwa la kitawala na lenye dharau yake. Hata hivyo lilikiri jambo moja, kwamba mtawala alikuwa na wajibu fulani kwa mtawaliwa.

Mlango huo lakini ulikuwa mwembamba, na wembamba wake ulidhihirika wakati uhuru ulipokaribia. Mwezi wa Septemba 1959, kwa juhudi za Tom Mboya na marafiki zake wa Marekani, wanafunzi 81 kutoka Afrika Mashariki, wengi wao Wakenya, walisafirishwa kwa ndege kwenda kusoma Marekani. Watawala wa kikoloni waliutilia shaka mpango huo, pamoja na thamani ya shahada ambazo wangerudi nazo. Mwaka uliofuata Urusi ya Kisovieti ilifungua mjini Moscow Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa, ambacho mwaka 1961 kilipewa jina la Patrice Lumumba. Kwa mara ya kwanza kijana wa Kiafrika aliyetafuta elimu ya juu aligombewa na pande mbili za dunia. Uingereza nayo haikukaa kimya: mkutano wa elimu wa Jumuiya ya Madola uliofanyika Oxford mwaka 1959 ulianzisha mpango wa ufadhili wa masomo miongoni mwa nchi wanachama, na wanafunzi wa kwanza wa mpango huo walianza masomo mwaka 1960.

Mtu akikumbuka siasa za kipindi hicho, atatarajia kwamba mwito ungeendelea kupanuka. Mambo yalikwenda kinyume. Mwishoni mwa mwaka 1966 serikali ya chama cha Labour ilitangaza kwamba, kuanzia mwaka wa masomo wa 1967, karo ya mwanafunzi wa ng'ambo itakuwa paundi 250, hali mwenyeji akiendelea kulipa paundi 70. Fedha hizo, zikilinganishwa na gharama halisi ya kumsomesha mtu, zilikuwa kidogo, na kwa hiyo wanahistoria wengine huupita mwaka huo kwa haraka. Lakini uzito wa tendo lile haukuwa katika kiasi. Ndipo mstari ulipochorwa darasani kati ya mwenyeji na mgeni, na mstari ukisha kuchorwa ni rahisi kuukoleza wino.

Wino ulikolezwa mwaka 1979. Serikali mpya ya Margaret Thatcher iliamua kwamba wanafunzi wapya wa ng'ambo watakaoingia mwaka 1980 walipe gharama yote ya masomo yao. Wanafunzi wa nchi za Jumuiya ya Kiuchumi ya Ulaya walisamehewa na kuhesabiwa kama wenyeji. Hivyo Mfaransa akawa mtu wa nyumbani, na Mkenya akawa mtu wa nje. Idadi ya wanafunzi wa ng'ambo ilishuka. Malaysia, iliyokuwa na wanafunzi wengi sana nchini humo, ilikasirika. Na Waziri Mkuu Mahathir alipoagiza mwaka 1981 kwamba bidhaa za Uingereza zinunuliwe mwisho, suala la karo lilikuwa mojawapo ya manung'uniko yaliyotajwa.

Hapo ndipo kujitangaza kulipoanza kwa maana yake ya leo. Mwaka 1983 serikali ilitenga fedha za ufadhili kwa wateule wachache, na mwaka 1984 British Council iliunda idara ya ushauri wa masomo ambayo vyuo viliichangia ili iviuzie sifa zao ng'ambo. Shirika lililokuwa likimpokea mwanafunzi bandarini sasa lilimfuata kwao, likiwa na vijitabu na maonyesho. Mwezi wa Juni 1999 Waziri Mkuu Tony Blair aliyavika mambo hayo joho la sera ya taifa: alitangaza shabaha ya kuongeza wanafunzi 75,000 kufikia mwaka 2005, na akatumia waziwazi lugha ya soko na fungu la soko. Ikazuka pia kazi ya uwakala, ambapo wakala hulipwa na chuo kwa kila mwanafunzi anayempeleka. Ni vigumu kumwita mtu huyo mshauri pasipo kuuliza anamshauri nani.

Tangu hapo mwenyeji alipona kweli, na kupona huko kukawa utegemezi. Nchini Uingereza sehemu ya England, karo ya mwanafunzi mwenyeji ilikaa paundi 9,250 tangu mwaka 2017 hadi 2025, ilhali bei za vitu zilipanda. Pengo likazibwa kwa karo za wageni. Lakini serikali iliyomtaka mgeni kwa mkono mmoja ilimzuia kwa mwingine. Ruhusa ya kubaki na kufanya kazi baada ya masomo ilifungwa mwaka 2012, ikafunguliwa tena mwaka 2021, na kuanzia Januari 2024 wanafunzi wengi wa uzamili wakakatazwa kuandamana na wake, waume na watoto wao. Wazungu wa Ulaya nao, baada ya nchi hiyo kujitoa katika Umoja wa Ulaya, walirudishwa mwaka 2021 upande wa wageni. Mstari ule wa 1967 haukufutwa kamwe, ulihamishwahamishwa tu.

Kwa wasomi wa lugha za Kiafrika suala hili haliko mbali. Chuo cha taaluma za Mashariki na Afrika cha London, kilichopewa hati yake mwaka 1916, kilikusudiwa pia kuwapatia watumishi wa dola lugha za watu waliowatawala, Kiswahili kikiwamo. Leo mzawa wa Lamu au Unguja akienda huko kusomea lugha ya mama yake pasipo ufadhili, hulipa karo ya mgeni. Mwenye lugha ndiye mgeni wa somo.

Afrika Mashariki iliwahi kulijibu swali la mgeni kwa namna nyingine. Kuanzia 1963 hadi 1970, chini ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kijana wa Kenya alisomea sheria Dar es Salaam, wa Tanzania akasomea uhandisi Nairobi, na wote wakakutana na mwenzao wa Uganda katika udaktari Makerere. Mpango huo ulivunjika, lakini wazo lake lilirejea mwaka 2017, wakuu wa nchi za Jumuiya walipotangaza eneo moja la elimu ya juu. Vyuo vya kanda hii navyo hupokea wanafunzi kutoka mbali, wakiwamo wajao kujifunza Kiswahili. Kabla ya kuiga vijitabu na maonyesho ya wengine, hapana budi vyuo hivyo viamue kwanza mstari wao utapita wapi. Methali nyingine yasema mgeni siku mbili, siku ya tatu apewe jembe. Anayepewa jembe amekwisha kuingizwa katika kazi na mavuno ya nyumba. Anayepewa hati ya malipo peke yake atabaki mlangoni, hata akikaa miaka mitatu.