Meno ya Mkataba

Chukua karatasi moja. Andika makubaliano yaleyale mara mbili, juu na chini, kisha katikati uandike neno moja kwa herufi kubwa. Sasa pitisha kisu juu ya neno hilo, usinyooshe mstari. Upindepinde kama meno ya msumeno. Nusu moja nipe, nyingine ubaki nayo. Siku tukigombana, kila mtu ataleta nusu yake na kuilaza mezani mbele ya hakimu. Meno yakishikana na herufi zikaungana, ubishi umekwisha.

Ndivyo Waingereza wa kale walivyofunga mikataba, juu ya ngozi ya kondoo. Jino kwa Kilatini ni "dens". Kule kukata kwa meno kukaitwa "indent", na mkataba wenyewe "indenture". Leo mpiga chapa akisema "indent" anamaanisha ile nafasi iachwayo mwanzoni mwa aya, na karani wa bohari wa zama za ukoloni aliposema "indent" alikuwa anaagiza mali. Mimi nafuata njia ya mkataba, kwa sababu ndiyo iliyopita kwetu.

Mwaka 1195 mahakama ya mfalme iliongeza nakala ya tatu. Ngozi ikakatwa vipande vitatu: viwili vya wahusika, na kile cha chini, kilichoitwa mguu, kikabaki mahakamani. Miguu hiyo ingali imehifadhiwa kwa maelfu huko Kew, London. Ninachokipenda katika ufundi huu ni kwamba hata asiyejua kusoma alikuwa na ushahidi wake mkononi. Tajiri asingeweza kughushi nusu ya pili, kwa kuwa kisu hakipiti njia moja mara mbili. Macho na vidole vya mnyonge vilitosha kumtetea.

Kadiri miaka ilivyokwenda, meno yalififia. Msumeno ukawa mawimbi, mawimbi yakawa ukingo ulionyooka. Mwaka 1845 Bunge la Uingereza likapitisha sheria kwamba hati ikijiita "indenture" basi ni hiyo, hata kama haikukatwa meno. Jina likabaki bila kitu chenyewe.

Wakati huo neno lilikuwa limeshapanda meli kitambo. Katika karne ya 17 vijana maskini wa Uingereza waliuza miaka yao ya kazi ili wavushwe hadi Virginia. Utumwa ulipopigwa marufuku katika makoloni, mashamba ya miwa yalitaka mikono mingine, na kuanzia 1834 Wahindi wakapelekwa Mauritius kwa mikataba ya aina hiyo. Waliofika Fiji tangu 1879 walilitamka neno la Kiingereza la makubaliano, "agreement", kama "girmit", nao wenyewe wakajiita "girmitiya", watu wa girmit.

Mwaka 1896 zamu ikawa ya Mombasa. Reli ya Uganda ilihitaji vibarua, nao wakaandikishwa hasa Punjab na kupakiwa melini Karachi. Muda ulikuwa miaka mitatu, na mkataba uliahidi nauli ya kurudi kwao. Simulizi za reli hiyo hupenda kukaa Tsavo, kwa wale simba wala watu wa 1898. Mimi fikra zangu haziondoki kwenye karatasi: mkulima anaweka dole gumba chini ya maandishi ya lugha asiyoijua, na ukingo wa karatasi hiyo umenyooka. Hana jino la kulinganisha na la mwajiri.

Reli ilifika Ziwa Viktoria Desemba 1901, maili 582 kutoka pwani. Vibarua walioletwa walikuwa 31,983. Takriban 6,700 walibaki Afrika Mashariki, na wazao wao ni majirani zetu. Waliokufa kazini walikuwa 2,493, zaidi ya wanne kwa kila maili, na hao hawakuidai ile nauli ya kurudi.