Maandalizi ya kupandikizwa figo ya mchangiaji hai

Maandalizi ya kupandikizwa figo ya mchangiaji hai ni mfululizo wa vipimo na ushauri anaopitia mgonjwa ambaye figo zake zimeshindwa kufanya kazi, pamoja na mtu aliyejitolea kumpa figo moja. Kwanza hulinganishwa makundi ya damu, kisha aina za tishu. Upasuaji unapokaribia, seramu ya mgonjwa huchanganywa na chembechembe nyeupe za damu ya mchangiaji; kingamwili zikizishambulia, mwili unaweza kuikataa figo hiyo mara moja.

Mchangiaji hupimwa shinikizo la damu, sukari, mkojo na utendaji wa figo zote mbili. Picha ya CT huonyesha mishipa yake. Mara nyingi huchaguliwa figo ya kushoto, kwa kuwa vena yake ni ndefu zaidi. Huhojiwa pia faraghani kuhakikisha kwamba hakushurutishwa wala kulipwa. Mgonjwa hutibiwa maambukizi na meno mabovu mapema, kwani dawa atakazomeza baadaye hudhoofisha kinga.

Upandikizaji wa kwanza uliofanikiwa ulifanyika Boston, Marekani, tarehe 23 Desemba 1954, kati ya mapacha wanaofanana. Nchini Tanzania, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza huduma hiyo mwaka 2017.