Rubani marehemu hana wakili

Tarehe 30 Julai 2005, helikopta ya Rais Museveni ilianguka ikimrejesha John Garang Sudan kutoka Uganda. Wote waliokuwamo walikufa. Kabla ya uchunguzi kukamilika, uvumi ulikwishahukumu: huyu akamlaumu rubani, yule akanusa njama. Mjini Khartoum ghasia zikazuka, watu wengi wakauawa. Mwezi Agosti serikali ya Uganda ikaifungia redio KFM na kumkamata mtangazaji wake, Andrew Mwenda. Mwaka 2006 wachunguzi wakataja kosa la rubani, lakini shaka haikwisha.

Ndugu msomaji, ukweli hauletwi na ubashiri wa magazeti wala kwa kufunga redio. Marehemu hawezi kujitetea. Anastahili uchunguzi wa wazi kwanza, hukumu baadaye.