Propela shafti mpya, kelele mpya: jinsi ya kujua tatizo liko wapi

Propela shafti ni mhimili wa chuma unaopeleka mzunguko kutoka kwenye giaboksi hadi kwenye difu, na difu ndiyo inayozungusha magurudumu. Kwenye magari ya porini kama Land Cruiser na Land Rover, shafti huwa mbili, ya mbele na ya nyuma. Baada ya kubadilisha shafti, wenye magari wengi husikia kelele ambayo haikuwepo, na hudhani wameuziwa kifaa kibovu. Inawezekana, lakini mara nyingi kosa liko kwenye ufungaji, na hurekebishwa bila kununua shafti nyingine. Makala haya yanaeleza namna ya kulitafuta kosa hilo.

Usalama kwanza

Egesha gari mahali tambarare na uweke kabari au mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu. Kwenye Land Rover Defender za zamani, breki ya mkono haishiki magurudumu moja kwa moja, bali inashika mhimili unaotoka kwenye giaboksi kwenda nyuma. Ukifungua propela ya nyuma, breki hiyo haizuii tena magurudumu ya nyuma, na gari linaweza kukuviringikia. Usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake.

Je, kelele inatoka kwenye shafti?

Kwenye barabara nyoofu, endesha kwa gia ya nne kwa mwendo wa wastani, kisha weka gia ya tatu huku ukibaki na mwendo uleule. Kelele ikipanda pamoja na injini, chunguza injini au klachi. Isipobadilika, inatoka kwenye shafti, difu au magurudumu.

Kama magurudumu ya mbele yana habu za kuzungusha kwa mkono, ziweke zote mbili kwenye FREE na uendeshe bila kutumia nguvu ya magurudumu manne. Hapo shafti ya mbele haizunguki. Kelele ikiisha, tafuta mbele. Ikiendelea, anzia nyuma.

Kila kelele na maana yake

Mlio wa kugonga mara moja unapoondoka au kubadili gia: kagua nati na bolti za shafti, kisha sehemu yenye meno inayoteleza shafti inaporefuka na kufupika. Ikiwa imekauka au imelika, hugonga.

Mlio mwembamba kama wa ndege, unaokwenda haraka kadiri gari linavyokwenda haraka: krosi, yaani kile kiungo chenye umbo la msalaba, haina grisi. Pampu grisi hadi ichungulie kwenye vikombe vyote vinne. Lakini kwenye sehemu inayoteleza usijaze kupita kiasi. Grisi ikijaa humo, shafti hushindwa kufupika gari likipita kwenye shimo, na beringi za giaboksi na difu zinaumia.

Mtetemo unaoongezeka kadiri mwendo unavyoongezeka: shafti haijasawazishwa, imepinda au imefungwa vibaya. Tazama kama kipande kidogo cha chuma kilichochomelewa ili kuisawazisha kimeng'oka. Osha tope lililogandia, na usafishe kutu na rangi mahali ambapo flanji mbili zinakutana. Uchafu kidogo tu hapo huifanya shafti izunguke ikiwa kombo.

Mvumo unaobadilika unapokanyaga na kuachia mafuta: huenda ni beringi au meno ya difu. Shafti mpya haitaponya tatizo hilo.

Kosa linalosahaulika zaidi

Krosi inayofanya kazi ikiwa imeinama haizunguki kwa mwendo sawa. Katika kila mzunguko mmoja huharakisha mara mbili na kupunguza mara mbili. Krosi ya upande wa pili hufuta hitilafu hiyo, lakini ni pale tu zote mbili zinapokuwa zimepangwa inavyotakiwa. Fundi akizitenganisha sehemu mbili za shafti na kuzirudisha huku meno yameruka nafasi moja au mbili, mtetemo unaanza hata kama kila kitu ni kipya.

Kwa hiyo tafuta mishale au alama kwenye sehemu hizo mbili, na uhakikishe zinatazamana. Kwa shafti nyingi, uma za ncha zote mbili hulala usawa mmoja. Baadhi ya shafti za mbele hutoka kiwandani zikiwa na mpangilio tofauti, hivyo alama za kiwanda ndizo za kufuata, si kukadiria kwa macho. Ni vyema kupaka alama za rangi kabla ya kufungua chochote.

Kama gari limeinuliwa kwa springi ndefu zaidi, shafti inainama zaidi ya ilivyokusudiwa, na mtetemo unaweza kubaki hata ufungaji ukiwa sahihi.

Wakati wa kusimama

Mtetemo mkali au kugonga kusikokoma si jambo la kuvumilia hadi ufike mjini. Shafti ikikatika ncha ya mbele, inaweza kuchimba barabara, kupasua sakafu au kukata bomba la breki wakati umebeba abiria. Simama, kagua nati, na uite fundi.

Nati za kujifunga zenye plastiki ndani zibadilishwe kila zinapofunguliwa. Baada ya safari ya siku ya kwanza, kagua tena kama zote bado zimekaza.