Mwanga Uliofichika Ndani ya Jina Robert

Mwalimu akiita rejista asubuhi Kisii au Nyamira, si ajabu afike kwa Robert, kisha Albert, Herbert, Gilbert, na upande wa wasichana Bertha. Kila mmoja huitika bila kujua kwamba wenzake wameitwa kwa neno lile lile alilobeba yeye: beorht, neno la kale ambalo leo Waingereza hutamka "bright", yaani -enye kung'aa.

Miaka 1,000 iliyopita r yake ilikaa nyuma ya irabu. Baadaye ikaruka mbele, na gh iliyo bubu leo ilikuwa ikitoka kooni, kama kh ya kheri. Majina hayakuruka. Robert, lililoenea Uingereza kwa Wanormani waliovamia mwaka 1066, ni sifa inayong'aa. Albert ni ukoo bora unaong'aa. Herbert ni jeshi linalong'aa.

Kwetu yaliingia kwa ubatizo. Wamisionari wa Mill Hill walifungua Nyabururu mwaka 1911, Waadventista wakaja Nyanchwa mwaka 1912, majeraha ya vita vya Wagusii na Waingereza vya 1905 na 1908 yakiwa bado mabichi. Na shirika la Mill Hill lenyewe lilianzishwa mwaka 1866 na nani? Herbert Vaughan.

Mzee akaingia kanisani na jina la babu yake, akatoka Albert, akiambiwa hilo ndilo jina la Kikristo. Hapo sikubali. Æthelberht, mfalme wa Kent, mwenye jina lililo pacha wa Albert, alikuwa nalo tayari mmisionari Augustino alipowasili kutoka Roma mwaka 597 kumhubiria. Lilikuwa jina la kwao, la lugha ya mama, kama Kwamboka lilivyo letu, jina lenye kuvuka mto ndani yake.

Tena mwanga tulikuwa nao. Jua kwa Ekegusii, lugha yetu, ni erioba. Litamke polepole, kisha useme iryoba ya Wakuria, zuva ya Washona na jua la Kiswahili, lililodondosha b njiani: ni mzizi mmoja. Erioba ndilo wazee walilielekea walipoomba.

Mzizi uliozaa beorht uliwapa Waingereza pia jina la birch, mti wa gome jeupe. Ekegusii nacho hakitenganishi weupe na nuru: ng'ombe mweupe ni endabu, na mwanga unaomkuta zizini alfajiri ni oborabu.